Ukuta wa Migomba

Keti upande huu, wewe unayenisikiliza, ambako upepo haufiki. Nitakueleza polepole, maana habari za mtu huyu zikielezwa kwa haraka utadhani alikuwa mwendawazimu au mchawi, na hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa kocha wa mpira. Kwetu Ekerenyo ukisema "Kocha" tu, hata mama anayeuza nyanya kando ya barabara anajua unamsema nani. Nilikuwa kipa wake kwa miaka mingi. Baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyansiongo, na kila likizo nilirudi kumsalimu. Nitakuonyesha niliyoyaona mwenyewe, na pale ambapo macho yangu yalishindwa kuelewa nitakuambia hivyo hivyo.

Kila anayemsimulia huanza na ukuta, kwa hivyo nami nianzie hapo.

Kama hujawahi kucheza, elewa hivi. Wapinzani wakipewa mpira wa adhabu karibu na lango lako, wachezaji wenzako husimama bega kwa bega kati ya mpira na lango, ili wauzuie. Huo ndio ukuta. Kipa hukaa nyuma yao akipiga kelele wasogee kushoto au kulia. Timu tajiri hufanya mazoezi kwa sanamu za plastiki. Sisi tulikuwa timu ya ligi ya chini, malipo yetu yalikuwa nauli, chai na mkate. Sanamu hatukuwa nazo, lakini migomba ilikuwa tele. Kocha aling'oa mgomba pamoja na kisiki chake, akakata majani, akabakiza shina la urefu wa mtu na kulipanda mbele ya lango. Kisha akalivisha jezi.

Jezi hizo hazikuwa za kuokota. Kila shina lilivaa jezi ya mchezaji aliyehama timu bila kuaga.

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu, ndipo utaelewa kwa nini watu walipita kando ya uwanja ule wakiangalia chini. Katika baadhi ya familia za Kisii na Nyamira, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, nyumbani huchimbwa kaburi vilevile, na kinacholazwa ndani ni shina la mgomba. Mgomba unamshikia mahali pake. Watu wanalia, wanafukia, maisha yanaendelea. Sasa fikiria mzazi anayekwenda kupeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Anapita uwanjani na kukuta mashina yamejipanga kwenye nyasi, na moja lina namba ya mwanawe mgongoni.

Kocha alilijua hilo vizuri kuliko mimi, maana alikuwa mtu wa hapahapa. Ukimuuliza, alijibu kana kwamba umemuuliza bei ya chumvi. "Mimi sijazika mtu. Nimemwekea nafasi. Akija atajitoa mwenyewe."

Na hiyo ndiyo sheria aliyoishika hadi mwisho: shina lilitolewa na mwenye jezi peke yake, kwa mikono yake. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuligusa.

Kuna pia jambo la shingo. Usishtuke, hili lina maelezo, nami huwafundisha watoto darasani. Mgomba ukikatwa juu huku kisiki kikiwa hai, moyo wake wa ndani huendelea kusukuma. Unakata asubuhi, na kufikia jioni kitu cheupe, laini, kimechomoza katikati. Kwa hivyo kila tulipofika mazoezini tulikuta shingo nyeupe zimetokeza kwenye kola za jezi, ndefu kidogo kuliko jana. Utomvu ulishuka kifuani na kukauka ukiwa na rangi ya damu ya zamani, na hakuna sabuni inayoutoa. Nilijua sababu ya yote hayo. Hata hivyo, nilipokaa langoni nikiwatazama migongo, nilikuwa na hakika kwamba siku moja mmoja wao angegeuka kuniangalia.

Wenzangu walikwepa hofu kwa mizaha. Mchezaji akichelewa aliambiwa, "Endelea kuringa, shina lako liko shambani linakua." Siku moja beki wetu mmoja alipopigwa chenga mara kwa mara, kijana wa kiungo akamwambia, "Buda, huyo mgomba anakaba kuliko wewe." Tukacheka sana. Kocha hakucheka. Alilisogelea shina alilotajiwa, akainua kola yake iliyokuwa imelegea, akaiweka sawa jinsi baba anavyomweka sawa mtoto anayekwenda kanisani.

Usije ukafikiri alichukia pesa. Hapo ndipo wengi hukosea. Alipenda pesa kama sisi sote, na mkungu wa ndizi aliuuza kwa ubishi wa kutia aibu. Wakati wa kucheza kwake, alituambia, alizunguka timu kadhaa za viwanda, na kila alipohama alihama kwa sababu ya mshahara. Mchezaji akipata timu ya mjini yenye malipo, Kocha ndiye aliyemsukuma aende. Nakumbuka beki mmoja aliyesitasita kwa sababu ya kutupenda. Kocha alimshika bega. "Nenda, tata. Mama yako hawezi kupika jezi." Neno tata kwetu ni baba, na mkubwa humwita hivyo hata kijana anapotaka kumheshimu.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Kabla hujaondoka uje mazoezini, usimame mbele ya wenzako, uvue jezi, uikabidhi mkononi mwa atakayecheza mahali pako, useme unakwenda wapi. Basi. Wengi walifanya hivyo na hawakupandiwa shina. Waliotoroka, wengi wao walirudi Krismasi wakicheka kwa aibu, na kreti ya soda kwenye pikipiki. Walikumbatia mashina yao, wakayang'oa huku wakisukumana, wakakabidhi jezi yenye madoa. Kocha alipiga makofi. "Sasa umehama," alimwambia kila mmoja. "Zamani ulikuwa umepotea."

Katika kibanda cha video pale sokoni, ambako vijana hutazama ligi za Ulaya, alikuwa kero. Vijana wakibishana kuhusu mchezaji aliyeuzwa kwa mamilioni, yeye alisimama katikati ya skrini.

"Ameaga?"

"Kocha, kaa chini, tunaona kichogo."

"Nauliza, ameaga?"

"Huko wanaaga mtandaoni. Ameweka picha ya moyo."

"Na jezi alimwachia nani mkononi?"

"Kocha, zinauzwa dukani, elfu kwa elfu!"

Alitikisa kichwa na kutoka, na kijana mmoja akasema, "Huyu mzee akiweza kufika Ulaya, migomba itaisha."

Sasa nikuambie juu ya Makori, kwa sababu hofu yote ninayokusimulia iliishia kwake.

Makori alikuwa winga wetu wa kulia, namba saba, kijana wa Manga aliyezoea kukimbia kwenye vijia vya mlimani, hata uwanja tambarare ulionekana kumshangaza. Kocha alimpenda kuliko wote na hakuficha. Wakala mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja kumtazama siku ya mvua, akasimama chini ya mwavuli hadi kipindi cha pili kikaisha. Alimwahidi timu katika nchi za Ghuba na mshahara ambao baba zetu hawakuupata maishani. Akampa sharti moja: asimwambie mtu. Klabu ikijua itadai fungu lake, naye hataki. Makori akaondoka katikati ya juma, jezi akaiacha kwenye msumari wa chumba chetu cha kubadilishia nguo. Hata kwa mama yake alisema anakwenda Kisii mjini kununua njumu.

Wiki za kwanza zilikuja picha: Makori mbele ya jengo la vioo, Makori akila kuku. Kisha picha zikakoma, na kila aliyempigia simu aliisikia ile sauti ya mwanamke ikisema mteja hapatikani.

Kocha alipanda shina lake siku ya mazoezi iliyofuata, upande wa kulia wa ukuta. Alichagua mgomba mwembamba, mrefu. Alipomaliza kulivisha alirudi nyuma akalitazama, na sote tuliona kwamba lilisimama kwa namna ya Makori, limeinama mbele kidogo, kama anayesubiri pasi. Hakuna aliyetania siku hiyo.

Habari zilipanda hadi Manga. Mama Makori alishuka na panga mkononi, gambuti zake zimejaa tope jekundu. Tulisimama kando tumuone Kocha atafanyaje.

"Kocha, umemzika mwanangu akiwa hai."

"Hapana, mama. Anayezikwa hulazwa. Huyu amesimama."

"Mwanangu ana simu. Ataipiga."

"Akipiga, mwambie aje ajitoe hapa."

"Na asipopiga?"

Mama akaliendea shina, akainua panga. Sijasahau uso wake. Alibaki hivyo, mkono juu, na nilielewa kilichomshika: akilikata ndiyo atakuwa ameamini kwamba mwanawe amekufa. Alilishusha panga, akafuta tope kwenye jezi kwa ncha ya leso yake. Tangu siku ile alikuja mara kwa mara, akakaa kwenye nyasi karibu na namba saba akimenya maharagwe. Hakuwahi kumwamkia Kocha. Wala Kocha hakuwahi kumwomba asogee, hata tulipopiga mipira ya adhabu karibu na kichwa chake.

Kwa hivyo jambo lilikuwa moja, na sote tulilijua. Makori akirudi atalitoa shina lake na mama yake atapumzika. Asiporudi, lile shina lingekuwa kaburi, na Kocha ndiye angekuwa amelichimba.

Nilikuambia kuna mahali macho yangu yalishindwa. Ni hapa. Mashina mengine yalichomoza shingo, kisha yakatoa majani au yakaoza, na Kocha akapanda mengine tuliyomletea sisi. La Makori halikuchomoza. Halikuoza pia. Misimu ya mvua ilipita, likabaki jinsi lilivyokatwa, baridi, lenye maji ukilibonyeza. Nilikuwa nimejiambia kwamba Kocha hulibadilisha kisirisiri. Nikamuuliza mke wake kama kuna migomba inayokatwa shambani mara kwa mara.

"Inayokatwa na nani?" aliniuliza. "Huyo mume wangu haingii shambani tangu kijana wa Manga aondoke. Ndizi navuna mimi."

Kisha kuna asubuhi ya ukungu. Unajua ukungu wa huku, unashuka kutoka ukingo wa Manga na kufuta kila kitu hadi unasikia ng'ombe usiyemwona. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya adhabu. Wachezaji wawili hai walisimama kushoto kwa ukuta, namba saba kulia. Niliona nafasi wazi upande wa kulia, nikapaza sauti kama kipa anavyopaswa: "Kulia! Kulia kidogo!" Ukungu ukaongezeka. Mpira ukapigwa, nikasikia ukigonga kifua, ule mlio wa ndani, ukarudi. Ukungu ulipopungua, ukuta ulikuwa umesogea kulia, na namba saba pamoja nao. Udongo mbichi ulikuwa umefunguka miguuni pake.

"Ni wewe umemsukuma?" nilimuuliza beki aliyekuwa karibu.

"Mimi? Huyo simgusi hata ukinipa glavu zako."

"Basi nani?"

"Kipa, usiniulize. Wewe ndiye uliyesema kulia."

Inawezekana ni wao walimsukuma kwa bega bila kujua. Ardhi ilikuwa imelowa. Mimi mwenyewe nimechagua kuamini hivyo, kwa sababu nalala vizuri zaidi. Lakini Kocha alikuja, akatazama udongo, akakanyagia vizuri kuzunguka shina, na kusema kwa sauti ya kuridhika, "Angalau mmoja anasikiliza."

Tulipopata mfadhili, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini Kisii, Mhindi mcheshi aliyezaliwa huko na anayesema Ekegusii kuliko watoto wetu wa siku hizi, alituletea seti nzima ya jezi mpya kwenye buti la gari. Kocha alizigawa, akairudisha moja.

"Hii peleka nyumbani, mzee."

"Kwa nini? Ni ndogo?"

"Ni saba. Saba yuko uwanjani tayari."

Mwenye duka aligeuka akatazama uwanja. Hakukuwa na mtu uwanjani, sote tulikuwa kwenye gari. Aliona ukuta. Akatazama muda mrefu, kicheko kikamkauka, akaikunja ile jezi vizuri na kuirudisha kwenye mfuko. Tulicheza ligi bila namba saba. Nimesikia kwamba hata leo hiyo jezi iko kwenye rafu dukani kwake, na kwamba hataki kuiuza.

Timu yetu haikukaa. Kampuni moja ya kaunti nyingine ilinunua nafasi yetu katika ligi kutoka kwa mwenyekiti, jambo ambalo hufanyika, ingawa wengi hawalijui: unanunua nafasi tu, jina na watu wanabaki wakishangaa. Wachezaji walitawanyika. Kocha aliahidiwa kazi kwenye timu mpya, yenye mshahara na nyumba. Kila mtu alimwambia aende, nami nilikuwa miongoni mwao.

"Nani atakaa na hawa?" alisema, akinyoosha kidole kwenye ukuta. Kufikia wakati huo ukuta ulikuwa shina moja.

Akabaki. Kila asubuhi alishuka uwanjani na filimbi shingoni, akaendesha mazoezi. Mwanzoni watu walidhani anajifurahisha. Kisha wakasikia kwamba anasimama kati ya maneno, anangoja, anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejibiwa. Kina mama wa majani chai wakaanza kupitia njia ya juu.

Sasa nikupeleke kwenye mara ya mwisho nilipokuwa naye uwanjani.

Ilikuwa likizo. Nilikuwa nyumbani Nyansiongo nikikoroga chakula cha ng'ombe, mtu akasimama langoni akiegemea fimbo. Nilimtambua kwa masikio yake kabla ya uso. Makori alikuwa amekonda, goti lake la kulia halikunjiki.

"Mwalimu, bwakire," alisema, salamu yetu ya asubuhi.

Nilimshika, nikamkalisha, nikampa maziwa. Alikunywa huku akinieleza kwa vipande. Timu ilikuwepo, ila haikuwa ile aliyoahidiwa. Pesa zilikuja kidogo, kisha goti likavunjika, kisha pasipoti ikashikwa na watu asiowajua, kisha akafanya kazi za ghala. Aliona aibu kupiga simu bila kitu mkononi. Kila mwezi alijiambia atapiga akipata. Huyo ndiye mtu aliyekwenda kutafuta pesa, na aibu ya kuzikosa ndiyo iliyomfungia kinywa.

"Umefika Manga?"

"Nimefika. Mama amelia, amenishika kila mahali. Lakini hajaniingiza ndani."

"Kwa nini?"

"Anasema kuna mimi mwingine Ekerenyo amesimama. Mpaka nimtoe, yeye hajui amemfungulia nani mlango. Nimelala zizini, Mwalimu. Ananiletea ugali nje." Alinitazama. "Nisindikize. Siwezi kwenda peke yangu."

Tulipanda boda boda moja. Dereva alipoambiwa tunakwenda uwanja upi, alitushusha mbali kidogo na kudai ana haraka. Manyunyu yalikuwa yameanza, na ukungu ulikaa juu ya majani chai. Kocha alikuwa hapo, mzee kuliko nilivyomwacha, koti limemlemea. Alikuwa akimweleza namba saba jinsi ya kuingia ndani kutoka pembeni.

"Kocha," nilisema. "Tazama nani amekuja."

Alimtazama Makori toka kichwani hadi miguuni, kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Kisha akamshika mkono na kumsogeza kando. "Simama huku, kijana wangu. Unamziba mwenzako."

Wewe na mimi tunajua kwamba wazee husahau, na kwamba ugonjwa wa kusahau una jina hospitalini. Lakini alinikumbuka mimi. Aliniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina.

Makori alianza kujieleza. Alieleza habari za wakala, mshahara, goti, ghala. Aliomba msamaha. Kocha alimsikiliza kidogo, kisha akamgeukia shina. "Usimsikilize. Watu wa pesa huja hapa kukuchukua. Wewe kaa."

Makori akasogea mbele. Kisha akaitupa fimbo, akalikumbatia shina, akavuta. Nilidhani litamshinda, kwa goti lile. Lilitoka mara moja, bila mzizi hata mmoja, na shimo lililobaki lilikuwa kavu kabisa, vumbi tupu, na mvua ikitunyeshea sote.

"Unampeleka wapi?" Kocha alipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena. "Unampeleka wapi mtoto wa watu? Mama yake nitamwambia nini?"

Alijaribu kumpokonya. Nilimshika mabegani, naye alikuwa mwepesi kama kuku. Makori alililaza shina kwenye nyasi, akalivua jezi. Akaivaa, imelowa, imejaa madoa ya kahawia, imembana. Akaingia na kusimama pale pale kwenye shimo. Mguu mbaya ulimlazimisha ainame mbele kidogo. Alitaja jina lake, jina la mama yake, na mahali anapotoka. Hakuongeza kitu. Akangoja.

Nilisikia manyunyu tu. Kocha aliacha kupigana mikononi mwangu. Alimtazama yule aliye ardhini, akamtazama aliyesimama, akarudia, na kila mara alikaa zaidi kwa aliyesimama. Mwishowe akajinasua kwangu, akaenda karibu, akamweka sawa kola.

"Umechelewa mazoezi," alisema.

"Ndiyo, Kocha."

"Zunguka uwanja."

"Kocha, goti..."

"Basi tembea."

Makori alitembea. Alizunguka uwanja wote akichechemea kwenye ukungu, akipotea upande wa mbali na kutokea tena, na Kocha aligeuka naye polepole bila kumwacha kwa macho. Aliporudi mbele yetu, Kocha alinyoosha mikono, naye Makori akaivua jezi na kuiweka juu yake.

"Unakwenda wapi?" Kocha aliuliza.

"Nyumbani. Manga."

"Sawa. Sasa nimejua."

Alasiri ile Mama Makori alifungua mlango, na mwanawe akalala ndani. Kocha hakushuka tena uwanjani. Mke wake aliniambia kwamba alirudi, akavua koti, akaomba chai, kisha akauliza kama kuna ndizi zilizoiva.

Nawe, kama kuna mahali uliondoka bila kuaga, na aibu inakuambia ungoje mpaka upate kitu cha kupeleka, usingoje. Nenda. Ukifika, usianze na sababu. Simama wakuone, taja jina lako, sema umetoka wapi na unakwenda wapi, kisha ngoja mpaka wakujibu.